Misumeno Uliyoiacha Imekunjwa

Mtani wangu Mihayo,

Sikuamkii. Tangu lini Mzaramo akamwamkia Mnyamwezi? Ungekuwa hai ungeshanijibu kwamba sisi watu wa pwani tulifika Tabora na misafara tukiwa hoi, babu zako wakatulisha mihogo, na mpaka leo tumekataa kurudi kwetu. Nami ningekwambia kwamba babu zako walikuwa wakifika pwani na pembe za ndovu mabegani, wanaiona bahari, wanauliza nani amemwaga maji yote yale. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya asubuhi, miaka yote niliyoshona makochi upande wa pili wa ukuta wako wa mabanzi. Sasa nafika, nafungua mlango, nafagia, nakaa. Sina wa kumtukana. Mteja akiingia namkaribisha kwa sauti ya kistaarabu mpaka najishangaa mwenyewe.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Nalisema wazi, maana hukuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu. Leo Kalunde, binti yako, anakuja kufungua misumeno miwili iliyobaki, ile ya mkanda uliyoikunja na kuitundika juu ya mlango wa uani, na hakuna mtu hai ambaye ulikaa naye chini ukamwonyesha namna ya kuifungua. Wa kwanza tuliufungua juzi, kwa namna nitakayokueleza. Mwanao ana macho mawili mazuri, Mihayo. Nataka jioni ya leo imkute nayo yote mawili.

Ngoja nianze pale ulipotuacha.

Presha ilikuangusha uani kwako ukiwa na kikombe cha chai mkononi, na mkeo kwanza alidhani unatania. Tulikupeleka Isikizya kwa wazazi wako. Kwaya ya kanisa lenu iliimba mpaka sauti zikakauka, na mimi nikafanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Nilikaa ukingoni mwa kaburi nikasema shimo hili fupi, huyu mtu alikuwa na miguu kama ngazi, hamtamzika hapa mpaka mwongeze urefu. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mkeo naye akacheka, mara moja tu, akaziba mdomo kwa khanga. Hicho ndicho nilichokuwa nimekifuata. Nilirudi mjini nikalia peke yangu ndani ya kochi ambalo halijawekwa sponji, ambapo hakuna ambaye angeniona.

Baada ya mazishi mdogo wako Kapaya alikuja kutoka Igunga akafunga karakana yako ya useremala kwa kufuli jipya. Alisema vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe, na kwa mila zenu hakukosea. Ila hakujua alichokuwa anakifungia. Yeye ni mtu wa mpunga na malori. Kwake ile ilikuwa mashine, mbao za mninga na vyuma vilivyotundikwa ukutani. Hakujua kwamba msumeno wa mkanda, ule utepe mrefu wa chuma ulioungwa ncha kwa ncha, ukikunjwa pete tatu haulali. Umelazimishwa kuwa mdogo, na muda wote unatafuta nafasi ya kurudi ulivyokuwa, na meno yake unayo. Kinachouzuia ni vile vipande vya tyubu ya baiskeli ulivyofungia. Na tyubu ikikaa kiangazi kizima chini ya bati, kwenye joto la Tabora, inakauka na kuanza kupasuka.

Niliiona ikipasuka. Unaujua ule ufa kwenye ukuta wetu, ulimokuwa unanipitishia kahawa. Kila siku nilichungulia hapo, na kila siku tyubu ilikuwa na mistari myeupe zaidi. Mchana mmoja niko nakata sponji, nikasikia mlio upande wako, mfupi, kama mtu amepigwa kofi. Karakana imefungwa, hakuna mtu, hakuna upepo. Nilipochungulia, msumeno wa katikati ulikuwa unatikisika wenyewe kwenye msumari wake. Kipande kimoja cha tyubu kilikuwa kimeangukia kwenye vumbi la mbao. Nilisimama hapo mpaka ukatulia. Kisha nikaivuta cherehani yangu kutoka ukutani, nikaipeleka upande wa barabarani, na huko nipo mpaka leo.

Nilimpigia Kapaya simu. Nikamweleza kwamba vyuma vile vimeanza kujifungua. Alicheka, akasema, "Mtani, hata msiba huupumzishi?" Nikarudia polepole. Akacheka zaidi, akaniambia nimemwondolea huzuni ya siku nzima, akakata. Hapo ndipo nilipouona ubaya wa kazi hii niliyozaliwa nayo. Ukishazoeleka kuwa mtu wa kuchekesha, siku ukisema la kweli watu wanakusikiliza wakisubiri mahali pa kucheka.

Na wewe una lawama zako. Usinyamaze tu huko.

Kila ulipobadilisha msumeno ulikuwa unatutoa wote nje. Wateja, wapiga msasa, fundi wa vanishi, hata mkeo akiwa ameleta chakula. "Tokeni nje wote, nafungua." Sote tunakwenda kusimama barabarani kama wanafunzi waliochelewa. Ulishatueleza sababu. Ulipokuwa kijana kwenye kiwanda cha mbao, mwenzako alikuwa anafungua msumeno huku watu wamemzunguka wanapiga soga. Akageuka kumjibu mtu, mkono ukalegea, chuma kikamrukia usoni. Uliuokota msumeno wewe, na ulituambia ulichokiona kwenye meno yake, kisha hukula siku hiyo. Tangu hapo uliapa kwamba kwako hakuna atakayesimama karibu. Nakuelewa. Lakini hata Kalunde ulimtoa, yeye aliyekuwa anashinda na wewe kwenye mashine ile, anayepasua ubao wa mninga ukabaki mwembamba kama rula bila mkono kuyumba. Kupasua ulimfundisha, kunoa ulimfundisha, kusikiliza mlio wa mashine ukajua msumeno umechoka, hayo yote ulimfundisha. Akikuomba kufungua unamwambia, "Bado, mwanangu." Ulimlinda mpaka ukamwacha hajui. Nina hasira na wewe kwa hilo, na hasira yenyewe haina pa kwenda.

Mimi tu ndiye uliyeshindwa kunitoa. Mtani hafukuzwi, na mtani hatukanwi akakasirika. Nilikuwa narudi kwangu, nabandika jicho kwenye ufa wetu, nakutazama. Kisha jioni watu wakiwa wamekaa wanapumzika nachukua mpira wa maji wa yule jirani yetu muuza miche, naukunja pete tatu, naufunga kamba, naanza kukuigiza. Nafunga vifungo vya mikono mpaka kwenye kiganja. Navaa miwani ambayo haipo, naifunga kisogoni kwa kamba ya kiatu ambayo haipo. Nakohoa kile kikohozi chako. Nausukuma uchafu sakafuni kwa mguu, kushoto, kulia, kwa dharau, mpaka pamekuwa peupe. Nanyoosha mikono kama mtu aliyepewa mtoto aliyejikojolea, nageuza uso, nakunja pua. Watu walikuwa wanakaa chini kwa kucheka.

Na wewe ulikuwa unakuja kusimama nyuma yao. Hukucheka mpaka mwisho, ila hukuondoka. Siku moja uliniambia, "Ukinikejeli, nikejeli sawasawa. Hicho kidole gumba kingeshakatika." Ukanishika kidole ukakitoa ndani ya pete, ukakilaza nje. Siku nyingine ukasema mimi naachia pete zote kwa pamoja kama mjinga, wewe huachii hivyo, unaachia moja, unausikia msumeno umekwenda wapi, ndipo unaachia ya pili. Siku nyingine mpira ulinirukia nikaukimbilia kuudaka, watu wakacheka, wewe ukakunja uso. "Ukiruka, uache. Rudi nyuma. Hata ukianguka ukavunjika, uache." Nilidhani unalinda heshima yako, kwamba hutaki kuigizwa vibaya. Sasa sijui. Labda ulikuwa unanifundisha na hukutaka kujua kwamba unafundisha. Nimelala na jambo hilo nikaamka nalo, na wewe huwezi kunijibu.

Basi siku ya kuanua matanga ikafika.

Walikuja watu wengi kuliko nilivyotegemea. Ndugu wa Isikizya, wa Nzega, majirani wote wa Kanyenye, wake wa wateja wako waliokalia viti vyako miaka yote. Baada ya sala na chakula Kapaya akafungua kufuli. Joto lililotoka mle ndani lilinipiga usoni. Mtani huingia kwanza, kwa hiyo niliingia mimi. Nikavaa koti lako la kazi, nikavaa miwani yako, nikafunga kamba yake ya kiatu kisogoni, nikakohoa. Watu wakaangua kicheko mlangoni, mkeo akainamisha kichwa, mabega yanacheza, sikujua analia au anacheka. Wakaingia wote nyuma yangu wakajaa mpaka kwenye mashine.

Nilikuwa nimepanga. Nilikuwa nimemwambia Kalunde kwamba nitafanya igizo fupi nje kwa mpira wa maji, watu wafurahi watawanyike, kisha mimi na yeye tutashusha vile vyuma kimoja kimoja bila mtu wa kutuzunguka. Alikubali. Mpango ulikuwa mzuri. Sikumhesabu Kapaya na mila zenu.

Unajua kwenu mrithi hupewa silaha ya marehemu mbele ya watu. Zamani ulikuwa upinde au mkuki. Wewe hukuwa na mkuki, Mihayo, wala hukuwa na mtoto mwingine. Kapaya akatafakari, akatazama ukutani, akaona chuma kinachong'aa. Alipanda juu ya kigoda, akaushusha msumeno wa katikati, ule ule uliokwisha kupoteza tyubu moja. Akasema kwa sauti ya msibani, "Ndugu zangu, huyu ndiye mwenye kazi ya baba yake kuanzia leo." Na akamvisha mwanao shingoni, pete zote tatu, kama shada la bibi harusi.

Kalunde alijua. Nilimwona alivyojua. Lakini mtoto gani angekitupa chini kitu alichovishwa na baba yake mdogo, mbele ya wazee, siku ya kuanua matanga ya baba yake? Alisimama wima, kidevu juu, mikono imeganda ubavuni, macho yananitafuta mimi. Watu walipiga vigelegele. Meno ya msumeno yalikuwa yamelala kwenye kitenge chake, na karibu na sikio la kushoto kulikuwa na tyubu iliyopasuka nusu. Kila alipovuta pumzi mpasuko ulifunguka kidogo, kisha ukafunga.

Nikapaza sauti yako. "Tokeni nje wote, nafungua."

Wakacheka, Mihayo. Wakacheka kweli, kicheko cha watu waliokukumbuka, na badala ya kutoka wakasogea. Nikasema tena, nikakohoa, nikawatishia kwa mkono kama ulivyokuwa unatishia. Kicheko kikazidi. Mama mmoja nyuma akamnyanyua mtoto wake aone vizuri. Kapaya alikuwa anafuta machozi kwa furaha, ananiambia endelea, mtani, huyo ndiye kaka yangu kabisa. Kadiri nilivyokuwa wewe, ndivyo walivyokaribia.

Nikavua miwani yako. Nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka juu ya mashine. Hakuna aliyewahi kuniona navua vazi la marehemu katikati ya utani, hata mimi sikuwahi kujiona. Kicheko kikapungua upande mmoja, kisha upande mwingine. Nikamwendea Kapaya nikamsemesha kwa sauti yangu ya kawaida, ile ya kununulia mboga. "Toa watu. Huyu mtoto amevaa kitu kitakachomuua." Aliangalia mdomo wangu, anasubiri utacheka saa ngapi. Haukucheka. Rangi ikamtoka. Akageuka akanyoosha mikono, akawasukuma watu nje kama anayeswaga ng'ombe, mzee na mtoto bila kubagua, na mlango akauvuta nyuma yake.

Tukabaki wawili. Nilimvisha Kalunde miwani kwanza. Kisha nikavaa glavu zako, zilizonizidi vidole, nikashika pale pete zinapopishana, mkono mmoja huku, mwingine kule, kwa nguvu zangu zote. Nikamwambia inama polepole, utoke chini yake, mimi siusogezi, wewe ndiye utoke. Akainama. Kichwa kilikuwa kimeshapita nusu, tyubu ilipokatika. Pete moja iliruka ikaondoka na kilemba chake, ikapita juu ya mkono wangu ikachana nguo na ngozi iliyokuwa chini ya nguo. Sikuachia. Nakwambia hili nikijua huamini, Mzaramo ashikilie kitu ili Mnyamwezi awe salama, lakini sikuachia. Kalunde alikuwa ameshatoka, yuko chini sakafuni, kichwa wazi, anahema.

Ndipo akainuka akasema, "Mama Shabani, nipe mimi. Mikono yako inachoka." Na ilikuwa inachoka. Nilikuwa naisikia inaisha. Alivaa glavu za akiba zilizokuwa mezani, akashika palepale niliposhika, nami nikatoa mikono yangu mmoja mmoja. Tukaenda uani hatua kwa hatua, yeye ameubeba, mimi narudi kinyumenyume mbele yake, kama watu wenye sufuria la moto. Akauliza, "Nishike wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu, na maneno hayakuja. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa sauti yangu. Sikuwa nayo kama maneno, nilikuwa nayo kama igizo. Ikabidi nikohoe kikohozi chako kwanza, nikunje uso wako, ndipo yakatoka. Kidole gumba nje. Mikono mbele, nyoosha, usinionee huruma. Meno yatazame mbali na wewe. Uso pembeni. Achia pete ya nje, moja tu, usikilize imekwenda wapi. Sasa ya pili. Ukiruka, uache. Nilikuigiza mwanzo mpaka mwisho, na katika uani mzima hakuna aliyecheka, si mimi wala mwanao.

Aliachia. Chuma kililia, kikapiga mchanga, kikajitupa kikawa duara kubwa kuliko kitanda, kikatikisika pale chini, kisha kikalala. Kalunde alirudi nyuma mpaka ukutani. Akaita "Baba" mara moja, si kwa nguvu, kama anayeita mtu wa chumba cha pili. Nikamkumbatia kwa mkono mzima, ule mwingine unachuruzika damu kwenye khanga. Nililia hapo kuliko nilivyolia Isikizya.

Kapaya alipoingia aliutazama msumeno kwa muda, akakaa juu ya magogo akashika kichwa. Ni mtu mwema mdogo wako, usimwone vibaya. Tangu juzi hajarudi Igunga. Alitaka ile miwili ichimbiwe shimo ifukiwe hivyohivyo, nami nilikuwa upande wake. Kalunde akakataa. Alisema ule wa juzi umepinda ulipojitupa, hauwezi kupanda kwenye mashine, na bila msumeno hana kazi wala mama yake hana chakula. Kisha akasema hata ikifukiwa, siku moja mtu atachimba pale msingi au choo, na yeye hatakuwepo kumwambia atoke nje.

Kwa hiyo ni leo.

Mmoja hauniogopeshi sana. Tyubu zake zimekauka, lakini zote zipo, na pete zimelala vizuri. Ni huo mwingine, mtani. Unaujua. Uliukunja baada ya presha kukupiga mara ya kwanza, mkono wako wa kushoto ukiwa hausikii vizuri. Nilikuwa kwenye ufa. Nilikuona ukihangaika nao, pete moja imekataa kulala na wenzake, tyubu inakuponyoka, mwisho ukachukua waya ukauzungusha ukaukaza kwa plaizi huku unatweta. Ulijua niko pale. Ulisema bila kugeuka, "Huu nitaurudia mwenyewe nikipata nguvu." Hukuzipata nguvu hizo. Kalunde nimeshamwambia yote hayo, nimemwonyesha na pete ilivyochomoza.

Tyubu angalau inapasuka polepole, unaiona. Waya hauonyi. Unakata, na kila kitu kinaondoka wakati uleule. Na mimi kwenye mpira wangu wa maji sikuwahi kufunga waya, kwa sababu sikuwahi kukuona ukifungua wa waya. Nimekaa hapa tangu alfajiri natafuta kikohozi chako, natafuta mkono wako unakwenda wapi, na sipati kitu. Igizo langu limefika mwisho. Kuanzia hapo ni mimi na mwanao tu, hatuna wa kumuiga.

Kalunde amefika. Nimesikia shikamoo yake kupitia ukutani, nami nimemwitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuitambua. Amevaa koti lako. Linamfika magotini. Amesema tuanze na mbaya tukiwa bado na nguvu, na amekwenda kusafisha uani, nasikia anasukuma vipande vya mbao kwa mguu.

Ahadi yangu ni hii. Hatakata waya ule mpaka amekwisha kunieleza, kwa maneno yake mwenyewe, kila mkono wake utakapokuwa na kila mguu wake utakapokimbilia. Akisita, hatukati leo. Tutaubana kwanza kwa kamba nene tutakazofunga mimi na yeye, pete kwa pete, tuone kama utatii. Na akinifukuza nitoke nje, nitasimama palepale, maana damu yenu hiyo najua mnavyofukuza watu. Wala sitatania. Mpaka chuma hicho kilale chini, mimi si mtani wa mtu yeyote.

Pumzika, Mihayo. Nilikupenda kwa matusi kwa sababu ndivyo tulivyopewa, na sikuona haja ya njia nyingine.

Jumapili nitapanda gari la Isikizya. Nikifika kaburini nikaanza kukutukana, wewe na baba yako na ukoo wako wote mpaka waliobeba pembe, ujue mwanao yuko nyumbani anapika na anaona vizuri. Lakini ukiniona nimefika nimekaa kimya, mtani wangu, usiniulize kitu.

Mwanaidi, Mama Shabani